Mapumziko ya Mwoshaji Maiti

Kaka mtu ndiye aliyeanza. "Unakwenda peke yako na nani?" akauliza, na wala hakuona kichekesho katika swali lake.

"Peke yangu na mimi," dada yake akamjibu, akaendelea kukunja nguo.

Mtaani kwao walimwita Bi Sanda, si mbele yake bali akishapita. Kwa miaka mingi alikuwa akiosha maiti wa kike, wa jamaa na wasio jamaa, bila malipo na bila kuchagua, na watu walimlipa kwa kumwogopa. Akialikwa harusini, bibi harusi husogezwa kando kidogo wasije wakagusana. Akimpakata mtoto, mama mtu hukumbuka ghafla kwamba mwanawe ana usingizi. Alikwisha kuzoea, au alisema amezoea, ambavyo ni vitu viwili. Kilichomchosha si hicho, ni simu. Simu yake haikulia kwa salamu kama za wenzake. Ikilia, mtu kafa.

Ndiyo maana mpwa wake alipomwonyesha picha za mji mdogo wa milimani, msitu umeukumbatia pande zote, na nyumba ya wageni iliyojitangaza kwa maneno "Jiko halali, chumba cha sala, mwanamke msafiri wa peke yake karibu sana", alikata shauri papo hapo. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri alipanda basi, akazima simu, akaitia chini kabisa ya mkoba, chini ya msala, na akajisikia mtoro.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mjane mnene, mchangamfu, mwenye maneno mengi kuliko vyumba. Kabla mgeni hajaweka mkoba chini alikwisha kumweleza kwamba kuku wake huchinjwa na shehe mwenyewe, kwamba sufuria za wageni wa dini nyingine zina kabati lao na ufunguo wake, na kwamba mlango wa chumba cha wanawake hufungwa kwa komeo mbili. Juu ya kitanda, darini, palibandikwa mshale wa kibla. Ulikuwa umepinda, na mgeni mmoja wa zamani alikuwa ameandika kando yake kwa kalamu: zaidi kushoto.

"Na wewe dada unafanya kazi gani huko mjini?" mwenyeji akauliza akitandika shuka.

"Kazi za usafi," Bi Sanda akasema.

Mwenyeji akasema usafi ni nusu ya imani, akatoka ameridhika. Jioni hiyo akampakulia mgeni wake kwa mkono wake, wakala sinia moja, mikono ikigongana kwenye wali, na Bi Sanda akatambua kwamba ni muda mrefu hajala hivyo na mtu asiye ndugu. Ilimfurahisha, na ilimuuma pia, kwa sababu alijua furaha hiyo amepewa kwa kunyamaza.

Usiku mvua ikanyesha kwa hasira. Asubuhi ya Jumamosi mji ulikuwa ndani ya ukungu, na habari zilizopita kutoka mlango hadi mlango zilikuwa kwamba udongo umeporomoka na kukata barabara chini ya mji. Hakuna gari lililopanda wala kushuka, na mhudumu wa zahanati alikwenda kwao tangu juzi na sasa hawezi kurudi. Bi Sanda hakujali. Yeye hakuwa na pa kwenda. Alitembea hadi msitu unapoanzia, akasimama chini ya miti akisikiliza matone, viatu vimelowa, akili imetulia kabisa. Alirudi adhuhuri akiwa na njaa ya mtoto wa shule.

Mwenyeji akamwekea sahani, lakini hakukaa. Alisimama pembeni mwa meza akiisokota aproni yake, macho mekundu.

"Dada, samahani. Naomba nikuombe jambo ambalo mgeni haombwi."

"Omba."

"Kuna mwanamke kafariki. Mke wa mrina asali, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mumewe goti lilimuuma jana, yeye akapanda msituni kuangalia mizinga ya nyuki badala yake. Mvua ikamkuta huko. Wametafuta usiku kucha, wamempata alfajiri chini ya mti, kakauka kwa baridi. Mumewe kaweka sikio kifuani, kainua kichwa, kasema inna lillahi." Akajifuta pua kwa aproni. "Yuko chumba cha kuoshea tangu asubuhi. Waislamu hapa ni nyumba chache tu, na wanawake wenyewe nusu wako mashambani, ng'ambo ya ule udongo."

"Anayeosha wanawake hapa ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe," mwenyeji akasema. "Ndiye huyo tunayetaka kumwosha."

Bi Sanda akatazama wali wake.

"Mimi nitakushikia maji," mwenyeji akaendelea, "ila kumgusa siwezi, alikuwa shoga yangu, mikono inakataa. Kama hujawahi, shehe atakuelekeza akiwa nyuma ya mlango. Neno kwa neno. Si vigumu."

Angeweza kusema hajawahi na hawezi. Hakuna aliyemjua pale. Angemaliza wali wake, akalala mchana, na kesho kutwa akarudi kwao mtu mpya. Alikasirika, na hasira yenyewe haikuwa na wa kumwangukia. Simu ameizima, na bado imempata.

"Nipe aproni," akasema. "Na shehe asijihangaishe kunielekeza."

Mwenyeji alimtazama, kisha akaitazama mikono yake, na Bi Sanda akaona lile wazo likimwingia kichwani polepole. Alilijua wazo hilo. Hakungoja lifike.

Nyuma ya msikiti palikuwa na benchi, na juu ya benchi alikaa mrina asali, tope hadi mapajani, mguu mmoja umenyooshwa mbele kwa ajili ya lile goti. Alikuwa mwanaume mkubwa, mwenye mabega ya kubebea mizinga, na alikuwa akitikisika wote bila kutoa sauti. Shehe, mwembamba, mpole, ambaye siku za kazi aliuza misumari na mabati, alimpokea Bi Sanda kwa heshima na kumweleza hali ilivyo. Kaburi limechimbwa kwenye mteremko, na maji yanaingia. Watu wawili wako humo wanayachota kwa ndoo. Wingu limeshaanza kurudi juu ya msitu.

"Tumekubaliana kwamba tukishaswali alasiri tunamswalia na kuondoka," akasema. "Mvua ikitutangulia, hatutakuwa na kaburi, tutakuwa na kisima. Kwa hiyo, mama, ukiweza usichelewe."

"Sichelewi kazini," Bi Sanda akasema, akaingia, mwenyeji nyuma yake na ndoo ya maji ya moto kila mkono. Mlango ukafungwa.

Chumba kilikuwa kidogo, sakafu ya saruji yenye mfereji, dirisha moja la juu, na katikati ubao wa kuoshea juu ya miguu yake. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Pamba imekatwa vipande sawasawa, vitambaa vya mkono vimekunjwa, ubao umesuguliwa mpaka mweupe. Bi Sanda alijua anauona mkono wa mtu wa kazi, na mtu mwenyewe ndiye aliyelala pale, taya limefungwa kwa kitambaa, macho yamefumbwa, shuka imemfunika hadi shingoni.

"Assalaamu alaikum, mwenzangu," akamwambia. Alikuwa na tabia ya kuongea nao. "Nitakuvua sasa. Unijuze kama nakosea."

Mwenyeji, aliyegeukia ukuta na birika mkononi, alikohoa kilio.

Walianza. Bi Sanda alifanya kazi chini ya kitambaa cha sitara, kama inavyotakiwa, mkono wa kulia umevaa kitambaa. Mwili ulikuwa baridi hadi makwapani. Mikono ilikuwa migumu kukunja. Hilo halikumshangaza, kwani alikwisha kuosha wengi waliotoka kwenye majokofu ya hospitali. Akamwinua kidogo, akapapasa tumbo kwa kulikandamiza taratibu, hakikutoka kitu. Akammwagia maji ya kwanza, ya uvuguvugu, na mvuke ukajaa chumbani. Kisha akamgeuza ubavu ili aoshe mgongo, na mkono wake ukasimama.

Akamrudisha chali. Akamgeuza upande wa pili. Akatazama nyuma ya mapaja, akatazama visigino.

"Amelala hivi tangu lini?" akauliza.

"Tangu asubuhi walipomleta."

"Hakugeuzwa?"

"Nani amgeuze, dada?"

Maiti akilala chali kwa muda mrefu, damu yake hutuama. Hushuka mgongoni na mapajani kama maji kwenye sakafu isiyo sawa, na ngozi ya huko ikaingia rangi nzito ya zambarau. Kwa mtu mweusi si rahisi kuiona, lakini Bi Sanda alikuwa ameiona kwa kila aliyemwosha baada ya nusu siku, wembamba kwa wanene. Mgongo huu ulikuwa na rangi moja na tumbo.

Aliogopa. Mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuogopa maiti, aliogopa, kwa sababu maiti hawezi kukosewa zaidi, na huyu anaweza. Mkono ulimwambia jambo moja, akili ikambishia. Labda baridi ndiyo iliyogandisha damu mahali pake. Hajawahi kuosha mtu aliyekufa kwa baridi ya mlimani, kwao hakuna mlima. Nani kamwambia kwamba huku wanakufa vilevile?

Alifungua kile kitambaa cha taya. Akavua miwani yake, akaifuta, akaiweka chini ya pua ya yule mwanamke. Kioo kikaingia ukungu mara moja, na moyo wake ukaruka. Kisha akaisogeza karibu na ukuta. Kikaingia ukungu vilevile. Chumba kizima kilikuwa kinatoa jasho.

"Toa ndoo nje," akamwambia mwenyeji kwa sauti ya chini. "Zote. Na fungua dirisha. Usimwage maji tena."

"Kuna nini?"

"Toa ndoo."

Mwenyeji alipofungua mlango na kuzisukuma ndoo nje, sauti ya mrina asali iliingia, nzito, imekwaruza. "Mwambieni afanye haraka. Kwa ajili ya Mungu, mwambieni afanye haraka."

Bi Sanda alikuwa tayari anamfuta yule mwanamke maji, miguu, shingo, nywele, kwa kila kitambaa kikavu kilichokuwepo. Alipokosa kitambaa akavuta sanda yenyewe kutoka kwenye meza, nyeupe, mpya, akamkausha nayo na kumfunika nayo. Kisha akafungua mlango kiasi cha uso wake, akasimama pale akiuziba kwa mwili.

"Shehe," akasema, "nimeacha kuosha."

"Umeacha kwa nini, mama?"

"Sina hakika kama amekufa."

Kulikuwa na wanaume kama kumi uani, wamekuja na jeneza. Wa kwanza kuinuka alikuwa mrina asali. Alisahau goti lake, akaja akichechemea hadi mlangoni, uso wake ukiwa karibu na wa Bi Sanda kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mimi ndiye niliyeweka sikio kifuani kwake," akasema. "Mimi. Nimemwita jina lake mpaka sauti imekwisha. Nimembeba mabegani kutoka kule juu, mgumu kama gogo. Wewe umefika jana kula kuku na kutembea. Usinifanyie hivi, dada. Nimeshakubali. Usinirudishe nyuma halafu ukaniambia samahani."

"Naweza kukuambia samahani," Bi Sanda akasema. "Inawezekana kabisa nikakuambia samahani. Lakini mimi ndiye niliyeko humu ndani, na mkono wangu haukubali."

"Umeona anapumua?" shehe akauliza.

"Sijaona."

"Umesikia mapigo?"

"Sijasikia."

"Basi umeona nini?"

"Mgongo wake," akasema, akashindwa kueleza mbele ya wanaume wote wale habari ya mgongo wa mke wa mtu. Alimwomba shehe asogee, akamnong'oneza. Shehe alisikiliza akiangalia chini. Angani kulikuwa kunazidi kuwa kweusi, na kutoka mteremkoni zilisikika ndoo zikimwaga maji, mara kwa mara, bila kupumzika.

Mrina asali hakuweza kumngoja shehe. "Sema kitu," akamwambia.

"Tutaswali alasiri," shehe akasema hatimaye. "Hiyo lazima tuswali kwa vyovyote. Mama huyu atakaa naye mpaka tutoe salamu. Akituambia amekosea, tutamalizia, na Mungu ndiye anayejua nia yake. Kama hakukosea, ndugu yangu, utanishukuru mpaka uzeeni." Kisha akamgeukia Bi Sanda, na upole ukamtoka kidogo. "Lakini mvua ikianza, mama, siwezi kuwazuia watu hawa. Na mimi mwenyewe sitataka kuwazuia."

Mlango ukafungwa tena. Mwenyeji hakuwa amesimama akiutazama ukuta sasa. "Niambie cha kufanya," akasema.

"Una mablanketi?"

"Nina nyumba ya wageni."

Alikimbia, na alirudi na mablanketi hadi kidevuni na chupa za maji ya moto zilizoviringwa taulo. Wakamwekea chupa makwapani na kifuani. Wakaviringa mablanketi chini na juu yake. Msikitini iqama ya kuanza sala ikasomwa. Bi Sanda alikuwa na maarifa ya watu ambao hawahitaji tena joto, na hapo maarifa yake yalimwishia. Akafikiri kwa mikono tu. Akavua aproni iliyolowa, akavua gauni, akabaki na kanzu ya ndani, akapanda juu ya ule ubao, akaingia chini ya mablanketi, akamkumbatia.

Baridi ilimpiga kifuani ikamkata pumzi. Akamvuta karibu zaidi, kifua kwa kifua, akaweka shavu lake chini ya pua ya mwenzake, na akatulia. Alikwisha kulala karibu na kifo maisha yake yote, lakini hakuwahi kulala nacho. Alitaka kuruka atoke. Alibaki.

Hakukuwa na kitu. Kule ndani ya msikiti shehe alikuwa akisema Allahu akbar, na nguo za watu zikisikika zikiinama. Hakukuwa na kitu. Mwenyeji alikuwa amepiga magoti sakafuni, anashika miguu ya shoga yake kwa mikono miwili, ile mikono iliyokataa, na anaomba dua bila kupumua. Matone ya kwanza yakagonga bati.

"Inanyesha," mwenyeji akasema.

"Nyamaza."

Rakaa ya pili ilikwisha, wakasimama kwa ya tatu. Bi Sanda alianza kuandaa maneno ya kumwambia yule mume. Alijua kwamba baada ya leo hatagusa ubao tena, kwamba ataambiwa, na kwa haki, kwamba mwoshaji mzima alichanganyikiwa akamlalia maiti. Akafumba macho. Wakaenda sijida ya mwisho, kukawa kimya kabisa kila mahali, na katika kimya hicho kitu kikapita shavuni kwake.

Kilikuwa kidogo sana. Akakikana. Huenda ni upepo wa dirishani, au pumzi yake mwenyewe imemrudia. Akaziba pumzi yake, akangoja, akangoja mpaka masikio yakawa yanavuma. Kikapita tena.

"Anapumua," akasema. Mwenyeji hakumsikia, kwa sababu maneno yalitoka bila sauti. Akayasema tena.

Mwenyeji hakungoja salamu. Alitoka uani akasimama kwenye mvua, mbele ya mlango wa pembeni wa msikiti uliokuwa wazi, mtandio umemwanguka, na watu walipotoa salamu upande wa kulia walimwona. "Msimswalie," akawaambia. "Jamani, msimswalie. Anapumua."

Yaliyofuata yalikuwa ya kukimbia na kupiga kelele, na hakuna aliyeyapanga. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya udongo ulioporomoka, na machela ya zahanati ilikuwa imefungiwa, ufunguo uko na mhudumu huko kwao. Kilichokuwepo kilikuwa jeneza. Wakalitandika magodoro ya nyumba ya wageni, wakamlaza mle pamoja na mablanketi na chupa zake, wakafunika juu turubai la duka la shehe, na wanaume wakaliweka mabegani. Bi Sanda, amevaa tena gauni lake, alitembea ubavuni, mkono wake mmoja umeingia chini ya turubai, kwenye shavu la yule mwanamke, ukihesabu kila pumzi kama mtu anayelinda mshumaa.

Barabarani watu waliliona jeneza wakasimama. Waliokuwa vibandani walitoka kwenye mvua, kila mmoja akaja kutoa bega, hatua chache, ampishe mwenzake, kama desturi. Hawakujua. Walikazana, maana jeneza halichelewi njiani, na Bi Sanda akawa anawakemea bega baada ya bega: polepole, msimtikise, polepole jamani. Wakamwona mwendawazimu. Mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Mwache aende, mwanangu," na Bi Sanda akamjibu, "Haendi." Kwenye tope walipitisha jeneza mikono kwa mikono, wengine wamezama hadi kiunoni, na mrina asali alikataa kuachia pembe yake. Aliteleza, akaanguka kwa lile goti, na pembe yake ya jeneza haikugusa chini.

Walipokuwa wanalipokea upande wa pili, ambako gari la kubebea magogo lilikuwa limesimama, Bi Sanda alihisi taya la yule mwanamke likigonga chini ya vidole vyake. Mara moja, mara mbili, kisha bila kukoma. Alikuwa anatetemeka. Baridi ilikuwa imemuuma, na ni aliye hai tu anayeumwa na baridi. Bi Sanda akakaa chini kwenye tope palepale, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakuwahi kuwalilia wafu wake hata mmoja.

Jumapili mchana muuguzi alisema mgonjwa amevuka. Vidole viwili vya mguu havina uhakika wa kupona, vingine vyote vizima. Mrina asali alimsikiliza kwa makini, akamshukuru, kisha akamfuata Bi Sanda kwenye ukumbi wa hospitali, kofia mkononi.

"Dada, jana nilipokuwa pale kwenye benchi, ulisikia nilichosema?"

"Nilisikia."

"Nilisema ufanye haraka." Alilitamka neno hilo kwa shida. "Sikuwa na haraka ya kumzika. Nilikuwa siwezi kukaa nje ya ule mlango nikijua yuko ndani. Lakini nilisema. Na mimi ndiye niliyewaambia watu amekufa. Angekuwa chini sasa hivi." Akatazama mikono yake. "Mengine ataambiwa, mji mzima unajua. Lakini lile neno tulilisikia sisi tu wa pale mlangoni, na wenzangu nimeshawaomba. Nakuomba na wewe. Asijue kwamba nilisema hivyo."

"Mimi ni mwoshaji," Bi Sanda akamwambia. "Ninayoyakuta chumba kile huwa hayatoki na mimi."

Mrina asali akaenda kutafuta uji. Bi Sanda akaingia wodini kuaga. Yule mwanamke alikuwa ameinuliwa kwa mito, midomo imepasuka, macho makubwa na mazima kabisa. Alimwangalia mgeni wake kwa muda.

"Ni wewe uliyekuwa unaniosha," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Nilianza tu. Sikumaliza."

"Una mkono mzito kidogo. Mabegani."

"Nitajirekebisha."

Wote wawili walitabasamu, kisha yule mwanamke akaacha. "Niliujua ubao wangu," akasema. "Mgongo uliujua. Kuna msumari umechomoza upande wa kushoto, kila siku nasema nitaugonga. Nikajua niko wapi na nimelala kwa nini. Nilitaka kusema, mdomo haukuja. Wala kidole." Akavuta pumzi. "Nikasikia mlango unafunguliwa. Nikamsikia mume wangu."

 Bi Sanda aliivuta shuka ya mgonjwa ikakaa sawa, ingawa ilikuwa imekaa sawa.

"Ulimsikia na wewe," yule mwanamke akasema. "Usinijibu, sisi hatusemi. Nakuomba kitu kimoja tu. Yule bwana ana goti bovu na moyo mwepesi. Akijua kwamba nilikuwa nasikia, hatalala tena usiku maisha yake yote. Mwache aamini kwamba sikuwepo."

Mlango ukasukumwa, mrina asali akaingia akichechemea, chupa ya uji kifuani. Aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, na Bi Sanda aliona hofu usoni mwake, wazi kama ya mtoto.

"Mnaongea nini?" akauliza.

Bi Sanda aliwahurumia wote wawili. Aliinuka, akampisha kwenye kiti.

"Anasema ana njaa," akamjibu.

Mrina asali akakaa, akamimina uji, akaupuliza kwa muda mrefu. Mkewe akafungua mdomo na kungoja.